Weka Sumaku Chini

Imetokea tena wiki hii. Mteja kafungua boksi la gololi za beringi za 440C, aina ngumu ya stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi), cheti hata hajakitupia jicho, kachomoa sumaku mfukoni. Gololi zikairukia. Dakika moja baadaye simu yangu inaita: "Ndugu yangu, hizi si stenlesi. Umeniletea chuma cha kawaida."

Anaamini stenlesi halisi hainaswi na sumaku. Si kweli. Jambo hili nimelieleza kwa simu, kwa barua pepe, na mara moja nikiwa msibani. Leo naliandika, ili atakayefuata nimtumie kiungo nami niendelee na kazi.

Sumaku haipimi kutu. Haihesabu kromu, wala haiuoni ule utando mwembamba wa oksidi ya kromu unaoikinga stenlesi. Inachokitambua ni namna atomu zilivyojipanga ndani ya fuwele za chuma. Zikijipanga kwa mtindo wa ostenaiti, sumaku haina habari nazo. Zikijipanga kwa mtindo wa martensaiti, inazivuta. 304, stenlesi ya kawaida, inabaki ostenaiti kwa sababu ina nikeli ya asilimia 8 na zaidi. 316, ndugu yake, ina nikeli nyingi kuliko hiyo, na molibdenamu juu yake. 440C haitegemei nikeli. Ina kromu asilimia 16 hadi 18 na kaboni karibu asilimia 1, na ukiipasha moto kupita nyuzi 1000 kisha ukaizima, yaani ukaipoza ghafla, inageuka martensaiti. Ugumu wake unatoka humo. Kuvutwa na sumaku nako kunatoka humo humo. Ukinitaka nikupe ugumu huo bila sumaku, unaniomba mvua isiyolowesha.

Na hata 304 yenyewe haiaminiki mbele ya sumaku. Gololi huanza kama waya unaokatwa vipande, kila kipande kikagongwa baridi kati ya kalibu mbili zenye shimo la nusu tufe. Kipigo hicho hugeuza sehemu ya ostenaiti kuwa martensaiti. Kwa hiyo gololi halali kabisa ya 304 inaweza kuning'inia kwenye sumaku kali, japo kwa uvivu. 316 haigeuki kirahisi hivyo. Aliyezoea kupima bamba la 304 akaona sumaku inateleza, akija kwenye gololi anadhani kaibiwa.

Kosa la upande wa pili ndilo linaloniuma zaidi, maana lile linaua mashine. Kuna mteja aliapa hapokei gololi yoyote inayonaswa. Nilibishana naye, nikachoka, nikampa 316. Akaziweka kwenye beringi ya pampu. Sasa, 316 huwezi kuizima ikawa ngumu. Ugumu wake wote ni ule wa kugongwa baridi, na gololi zake huwa kati ya 25 na 39 kwa kipimo cha Rockwell C. 440C ni 58 na zaidi. Gololi hugusa njia yake, ule mfereji inamobingirika, kwa doa dogo mno, kwa hiyo shinikizo pale ni la kutisha. Hesabu ya ISO 76, kanuni ya kimataifa, ya mzigo tuli (beringi ikiwa haizunguki) kwa beringi nyingi za gololi inakwenda hadi megapaskali 4200, na hapo tayari inakubali mbonyeo wa kudumu wa sehemu 1 kwa 10,000 ya kipenyo cha gololi. Na hiyo ni kwa chuma kigumu! Gololi za yule bwana zilitoka na pande kama dadu. Kutu hazikuwa nayo hata chembe, nakiri.

Mahali pa 316 ni kwenye valvu za kuzuia maji yasirudi, kwenye pampu za kupulizia dawa, popote gololi inapokalia kiti chake na kuinuka tu.

Halafu kuna jina "chuma cha kromu", ambalo aliyelitunga angetuhurumia. Hiki ni 52100, au 100Cr6 kwa namba za Ulaya, ndicho kimo ndani ya beringi nyingi unazozijua. Watu husikia kromu, wakafikiri bomba linalong'aa, wakaacha gololi kwenye unyevu wikendi nzima. Kromu yake ni asilimia 1.5 tu. (Ile 6 ya 100Cr6 si asilimia sita, igawe kwa nne.) Stenlesi inaanzia asilimia 10.5 hivi. Kromu ya 52100 imewekwa ili ugumu uingie hadi katikati ya gololi na ili itengeneze kabidi ngumu (kromu iliyoungana na kaboni), wala haikuwekwa kwa ajili ya kutu. Bila mafuta, 52100 inashika kutu kama msumari.

Hata 440C, pamoja na kromu yake yote, hushika kutu kabla ya 304. Sehemu nzuri ya kromu hiyo imeshikwa na kaboni ndani ya kabidi, na iliyoshikwa hivyo haikingi kitu. Kwa hiyo nikikuuzia 440C kisha ukaitumbukiza kwenye maji ya bahari, usinipigie.

Gredi nitaipitia mbio: G10, alama ya usahihi wa gololi, haisemi lolote kuhusu malighafi. Inasema gololi haijaachana na utufe kwa zaidi ya maikromita 0.25, na inaweka mipaka ya tofauti za kipenyo na ulaini wa uso.

Sasa lile linalonikera kuliko yote: kipimo chenyewe kinadhuru. Chuma chenye kaboni nyingi kikizimwa hushika usumaku na hakiuachii. Zamani sumaku za kudumu zilitengenezwa kwa vyuma vya kaboni na kromu, ndugu wa karibu kabisa wa hiki cha gololi. Ukizibandika gololi zako kwenye sumaku kali, nyingine zitaondoka zikiwa sumaku ndogo, zikaingia kwenye beringi, zikakusanya kila unga wa chuma uliomo kwenye grisi na kuusaga juu ya njia. Umepima ubora ukauharibu.

Kama kweli hutaki sumaku na unataka ugumu, nenda kwenye keramiki. Nitridi ya silikoni ina uzito wa gramu 3.2 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 7.8 ya chuma, na haipitishi umeme. Usikimbilie kabidi ya tangsteni, ile ya ncha ya kalamu: mara nyingi inaunganishwa kwa kobalti, na kobalti sumaku inaipenda.

"Basi nitajuaje?" Hapa ndipo majibu yangu yanapopungua nguvu. Matone ya salfeti ya shaba yanafaa kwa 304: ikiwa safi, haigeuki rangi, chuma cha kawaida kinavaa shaba nyekundu. Lakini kwa 440C kipimo hicho kinaweza kusema uongo, kwa sababu stenlesi za martensaiti nazo huweza kuvaa shaba. Nimewahi kurudisha mzigo kwa kukiamini, na hadi leo sina amani nao. Bunduki ya eksirei, kifaa cha mkononi kinachosoma elementi zilizomo kwenye chuma, inatenganisha 52100 na 440C kwa sekunde chache, asilimia 1.5 dhidi ya 17, lakini kaboni haiioni, kwa hiyo 440A, yenye kaboni pungufu, na 440C kwake ni pacha. Hapo inabidi upime ugumu, yaani uharibu gololi mbili tatu. Mimi huziharibu.

Mteja wa wiki hii amekubali kubaki na gololi zake. Nimemwomba zile alizozipima azirudishe kwanza, nizitoe usumaku.