Usaili wa vituo vingi (MMI): alama za mwombaji wa udaktari zinavyopatikana

Kwa aliyesoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) Tanzania, njia ya kuingia udaktari ni ufaulu wa kidato cha sita: alama zikitosha na ushindani ukiruhusu, umepata nafasi. Hakuna anayekuita chumbani kukuhoji. Kanada mambo ni tofauti, na wanaoomba huko wengi hukwama kwa kutojua alama zinahesabiwa vipi, wala zinabadilika uzito lini.

MMI ni usaili ambao mwombaji hakai mbele ya jopo moja, bali anapita vyumba kadhaa mfululizo, kila chumba na swali lake na msaili wake. Ulibuniwa Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, Kanada, na Kevin Eva na wenzake wakauchapisha mwaka 2004. Kwa hiyo tutumie hesabu ya McMaster, ile iliyodumu kwa miaka mingi.

Kabla ya usaili kuna mchujo. Wastani wa masomo ya shahada ya kwanza (GPA), ambayo huko kwa kawaida husomwa kabla ya udaktari, ulibeba asilimia 32. Asilimia 32 nyingine zilitoka kwenye CARS, sehemu ya MCAT (mtihani wa kuomba udaktari Marekani na Kanada) inayopima usomaji na uchambuzi: maswali 53, dakika 90, alama kati ya 118 na 132. Sehemu nyingine tatu za MCAT, zenye fizikia, kemia, baiolojia na saikolojia, hazikuhesabiwa kabisa. Asilimia 32 za mwisho zilitoka kwenye Casper, mtihani wa mtandaoni wa kuamua ungefanya nini katika hali fulani, ambao kila hali husahihishwa na mtu tofauti. Asilimia 4 zilizobaki zilikuwa za shahada za juu: uzamivu 4, uzamili 1. GPA chini ya 3.0 kati ya 4.0, au CARS chini ya 123, ombi halikuendelea.

Aliyeitwa kwenye usaili alikuta mizani imegeuka: MMI asilimia 70, GPA 15, CARS 15. Casper ilishamaliza kazi yake mlangoni. Hapo ndipo penye kosa kubwa la waombaji wenye GPA nzuri: wanaingia wakidhani wana akiba, kumbe akiba yenyewe imepungua zaidi ya nusu.

Mpangilio wa kawaida ni vituo 10. Unasimama mlangoni dakika 2 kusoma swali lililobandikwa, kengele inalia, unaingia na kuzungumza dakika 8, kengele tena, unahamia chumba kinachofuata. Swali moja la awali linalojulikana sana ni hili: daktari anawapa wagonjwa wenye uchovu na maumivu madogo ya kichwa dawa za homiopathia (aina ya tiba mbadala) ambazo yeye mwenyewe haamini kuwa zinafanya kazi, kwa kuwa anaona hazidhuru na zinawapa faraja. Je, kuna tatizo gani la kimaadili? Mwombaji anayekimbilia kusema “ni kosa” ndani ya sekunde 20 amejinyima. Msaili anasikiliza kama umeona pande zote: haki ya mgonjwa kuambiwa ukweli, hatari ya ugonjwa mkubwa kujificha nyuma ya uchovu, gharama, na ile faraja yenyewe, ambayo nayo si kitu cha kudharau. Kisha uamue, na useme kwa nini.

Katika mfumo ule wa mwanzo, msaili aliangalia ufasaha wa mawasiliano, nguvu ya hoja, na kama mtu huyu anafaa kuwa daktari. Msaili haoni faili lako. Anabaki na swali lake lile lile siku nzima, kwa hiyo anakulinganisha na wote waliopita mbele yake.

Kwa nini vituo vingi? Mtu mmoja hufanya vizuri jambo hili na vibaya jambo lile, hata kama sifa inayopimwa ni moja. Ukiwaweka wasaili watatu wasikilize jibu moja, unapata maoni matatu juu ya jibu hilo hilo. Ukiwatawanya vyumba vitatu, unapata vipimo vitatu. Kuongeza vituo kunaongeza uhakika wa alama kuliko kuongeza wasaili ndani ya chumba kimoja.

Tuseme kila kituo kina alama 10, nawe kwa kawaida unapata 7. Kimoja kikiharibika ukapata 3, jumla ni 66 badala ya 70, umepoteza 4. Lakini ukitoka umevunjika moyo, vituo vitatu vinavyofuata ukapata 5 kila kimoja, umepoteza 6 zaidi, na jumla imeshuka hadi 60. Kubeba kituo kibaya kunagharimu kuliko kituo chenyewe, wakati msaili wa chumba kinachofuata hana habari ya yaliyotokea.

Majibu ya kukariri nayo hujulikana mapema, kwa sababu msaili huuliza maswali ya nyongeza ambayo hotuba iliyoandaliwa haina jibu lake. Jizoeze kwa saa mkononi, na mtu wa kukupinga.

Uzito wa kila kipengele hutofautiana kati ya vyuo na hubadilika kwa miaka; McMaster nao wamekuwa wakirekebisha wa kwao. Soma mwongozo wa mwaka unaoomba, kisha tafuta jambo moja hasa: baada ya usaili, alama za mchujo zinaendelea kuhesabiwa, au wote mnaanza upya kutoka sifuri?