PSA imeshuka hadi wapi? Kusoma majibu ya saratani ya tezi dume iliyosambaa

Karatasi ya majibu ya mzee inasomeka hivi: PSA 412, Gleason 4+5=9, na skani imeonyesha ugonjwa umefika kwenye uti wa mgongo na nyonga. Ndugu wote wanaishika ile 412. Mmoja anakumbuka jirani aliyekuwa na 60 na hakumaliza mwaka, basi hesabu inapigwa papo hapo, na inapigwa vibaya.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, nzima au yenye ugonjwa, na hupimwa kwa nanogramu katika kila mililita ya damu. Ikiwa juu sana, mara nyingi saratani imeshatoka kwenye tezi. Lakini namba ya siku ya kwanza pekee haisemi mgonjwa ataishi muda gani. Zipo hata saratani kali zinazotoa PSA kidogo.

Gleason ni kitu kingine kabisa. Daktari wa patholojia hutazama kwa hadubini kipande kidogo kilichokatwa kwenye tezi na kukadiria ukali wa seli kwa alama mbili zinazojumlishwa, kama 4+5. Jumla yake huanzia 6 hadi 10. Gleason 9 ni saratani kali, ila si “hatua ya tisa”. Hatua husema ugonjwa umefika wapi mwilini.

Kinachoeleza mengi zaidi kuhusu mbele ya safari ni PSA inavyoitikia matibabu. Saratani hii hutegemea homoni ya kiume, testosteroni, kwa hiyo tiba ya msingi, iitwayo tiba ya homoni, ni kuizima kwa sindano au kwa kuondoa korodani. Baada ya hapo madaktari huangalia kiwango cha chini kabisa ambacho PSA inakifikia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wanaume ambao ugonjwa wao ulikuwa umesambaa, ukaipima PSA yao baada ya miezi 7 ya tiba. Waliofika 0.2 au chini yake, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 75. Waliobaki kati ya 0.2 na 4, nusu walivuka miezi 44. Waliobaki juu ya 4, nusu walivuka miezi 13.

Neno la kushika hapo ni “nusu”. Miezi 44 si tarehe ya mtu kuondoka; ni mahali ambapo nusu ya kundi ilikuwa bado hai, na baadhi yao waliendelea kwa miaka. Tena wagonjwa hao walitibiwa kabla dawa kama abirateroni na enzalutamidi hazijaanza kutumika pamoja na tiba ya homoni tangu mwanzo, na dawa hizo zimerefusha maisha ya wengi. Kwa hiyo mzee aliyeanza na 412 akashuka hadi 0.1 ana matumaini makubwa kuliko aliyeanza na 60 akakwama kwenye 8.

PSA ikianza kupanda tena, ombeni testosteroni nayo ipimwe. Ikiwa haiko chini ya nanogramu 50 kwa desilita, huenda sindano zimerukwa au hazifanyi kazi, na hilo linaweza kurekebishwa. Ikiwa iko chini na PSA bado inapanda kila ikipimwa, saratani imekuwa sugu kwa tiba ya homoni, na ndipo dawa nyingine huzungumzwa. Kasi nayo ina uzito: kutoka 2 hadi 4 ndani ya miezi miwili kunatia wasiwasi kuliko ndani ya mwaka mzima. Pimeni maabara ileile kila inapowezekana, maana mashine hutofautiana.

Na kuna dalili zisizosubiri kipimo chochote. Mgonjwa ambaye ugonjwa uko kwenye uti wa mgongo akianza kuishiwa nguvu miguuni, kufa ganzi, au mkojo ukagoma kutoka, neva zilizo ndani ya uti wa mgongo zinaweza kuwa zimebanwa. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama PSA ya wiki iliyopita ilikuwa nzuri.