"Wakinipa kidonge kitupu?" Dhana potofu kuhusu majaribio ya dawa za PBC

Kila nikimwambia mgonjwa wa PBC, ugonjwa sugu wa ini, kuwa kuna dawa mpya inafanyiwa majaribio, jibu ni lile lile: "Daktari, nikiangukia kidonge kitupu si ndiyo nimeachwa nife?" Hapana! Nimechoka kulisikia, maana hofu ya kidonge kitupu, yaani kisicho na dawa ndani, inawazuia kujiunga watu ambao urso, dawa ya kawaida ya PBC, peke yake haijawatosha.

Chukua jaribio la dawa ya seladelpar, lililochapishwa 2024. Wagonjwa walikuwa 193. Katika kila watatu, wawili walipewa dawa, mmoja kidonge kitupu. Lakini karibu wote, wa pande zote mbili, waliendelea kumeza urso yao ya kila siku. Waliokosa ni wale ambao miili yao haiivumilii. Kidonge kitupu kiliongezwa juu ya tiba, na kila aliyeingia alikuwa huru kutoka siku yoyote bila kuulizwa sababu. Baada ya miezi 12, vipimo viliridhisha kwa asilimia 61.7 ya waliopata dawa na asilimia 20 ya wenzao. Itazameni hiyo 20. Bila kundi hilo tungeipa dawa sifa ya nafuu isiyo yake, na mgonjwa angeilipia.

"ALP imeshuka, nimepona." Bado. ALP ni kimeng'enya kwenye damu kinachopanda vijifereji vya nyongo vikiumia. PBC huenda taratibu, kwa hiyo majaribio hupima ALP na bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo) kwenye damu badala ya kungoja miaka mingi kuhesabu vifo na upandikizaji wa ini. Dawa nyingine ya PBC, asidi ya obetikoliki, iliidhinishwa Marekani 2016 kwa kushusha ALP. Ufuatiliaji haukuthibitisha kuwa inazuia kifo au upandikizaji, na wenye sirosisi (makovu ya ini) iliyokomaa iliweza kuwadhuru. Mwaka 2024 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walipendekeza idhini yake ifutwe.

"Ni ugonjwa wa walevi." Si kweli, na maneno hayo yanawaumiza kina mama wasioijua pombe hata kwa harufu. Ni kinga ya mwili inayoshambulia vijifereji vya nyongo, na wagonjwa walio wengi ni wanawake.

"Urso imenishinda, nataka hiyo mpya." Kwanza panda mzani. Dozi ni miligramu 13 hadi 15 kwa kila kilo, kwa siku. Mwenye kilo 70 anahitaji 910 hadi 1,050. Ukinijia unameza 500, tutarekebisha dozi kwanza, turudie vipimo, ndipo tuzungumze habari za majaribio.