Kuvua baharini Uingereza ukiwa nchi kavu: yanayosemwa na yalivyo kweli

Kila kiangazi kuna ndugu ananipigia, anataka kuanza kuvua huku Uingereza, na karibu wote wanaanza na swali lilelile, eti leseni naipata wapi? Hamna leseni ndugu yangu. Ukiwa England au Wales, samaki wa baharini unamvua kwa fimbo na mshipi bila kibali chochote. Leseni ni ya samaki wa maji baridi, na pia salmoni na trauti. Ila sheria zipo! Bass, samaki wa baharini anayependwa sana na wavuvi huku, akiwa chini ya sentimita 42 anarudi majini, na idadi unayoruhusiwa kuondoka nayo hubadilika, kwa hiyo angalia tovuti ya serikali kabla hujatoka. Kuna magati yanatoza kiingilio, hiyo ni hela ya mwenye gati tu.

Dhana nyingine, na hii inaniuma kwa sababu inamaliza hela za watu, ni kwamba bila fimbo ya futi 12 na kurusha mita 100 hupati kitu. Si kweli kabisa. Bass anakula palepale wimbi linapovunjika, mita 20 au 30 kutoka ulipo, na pale Chesil Beach, Dorset, kokoto zinashuka kwa kasi yani maji marefu yako karibu na miguu yako, watu wanarusha mbali wanawapita samaki. Kiangazi nenda kwenye gati na fimbo ya futi 9, rili ya kawaida, na mshipi wenye ndoana kadhaa zilizofungwa manyoya, hata chambo huhitaji, utapata makrel, ni jamii moja na vibua wetu. Waweke kwenye barafu hapohapo maana wanaharibika haraka sana.

Ukitaka kurusha chubwi zito baadaye sawa, ila funga kipande cha mshipi mnene mbele, upande wa chubwi, ili usikatike ukirusha, hesabu yake ni nguvu ya pauni 10 kwa kila aunsi ya chubwi, aunsi 5 basi pauni 50. Mimi nilipuuza, mshipi ukakatika katikati ya kurusha, mlio kama bakora, chubwi likaruka kama risasi. Bahati lilielekea majini, nyuma yangu palikuwa na watoto.

Alafu sisi watu wa pwani tuna hii ya "bahari naijua tangu mtoto". Kwetu Tanga maji ya bamvua yanapanda na kushuka kama mita 4 hivi, nenda Bristol Channel, mlango wa bahari kati ya Wales na England, uone, inafika mita 14!! Maji hayaji mbele yako tu, yanapita kwenye mifereji nyuma yako, ukigeuka umeshazingirwa, na kule Morecambe Bay, ghuba ya kaskazini magharibi mwa England, mwezi wa pili 2004 waokota kombe wa Kichina zaidi ya 20 walikufa usiku mmoja kwa namna hiyo. Soma jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kuchagua hata chambo, na ukikwama piga 999 uombe Coastguard, yaani waokoaji wa baharini.

Eti baridi hamna samaki? Kuna samaki anaitwa whiting, hawa wanakuja hasa miezi ya baridi, na usiku ndo wanakula vizuri. Vaa tu, na taa ya kichwani.

La mwisho, ufukwe wa mchanga sio salama kwa miguu mitupu. Kuna weever, samaki mdogo anajifukia mchangani, pezi la kwanza mgongoni jeusi na miiba yake ina sumu, na ukimtoa kwenye ndoana kwa mkono mtupu ndo hivyo. Watu wanakimbilia barafu, wengine mkojo. Dawa ni maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, loweka nusu saa au zaidi. Kwenye begi langu zipo chupa mbili, moja ya chai na moja ya maji ya moto.