Kodiani ya bibi nayo ni urithi: dhana potofu kuhusu muziki wa Wafini wa Marekani

Tafadhali, mimi nahifadhi rekodi za zamani, acheni kunichagulia. Familia zenye asili ya Ufini huniletea maboksi ya santuri na tepu za wazee wao wa Michigan au Minnesota, na karibu kila mara naambiwa: "Zile za dansi tumetupa, tumekuletea za asili tu."

Dhana: Asili ni kantele (ala ya nyuzi ya Kifini) na tungo za Kalevala (utenzi wa taifa wa Ufini). Kodiani na polka ni uchafu wa Marekani.

Ukweli: Wafini zaidi ya 300,000 walihamia Amerika Kaskazini, na wengi walitoka Pohjanmaa, magharibi ya nchi. Tungo za Kalevala, Lönnrot, aliyeuandaa utenzi huo, alizikusanya zaidi Karelia, mashariki. Harusi ya Pohjanmaa ilichezwa kwa fidla, na baadaye kodiani. Kantele, ambayo mpenzi wa taarabu angeiona ni ndugu wa mbali wa kanuni, ilikuwepo, hasa bonde la mto Perho, lakini haikuwa ya kila nyumba. Polka na valsi nazo zilishaingia Ufini kutoka Ulaya ya kati hata kabla wengi wao hawajapanda meli. Sasa huo usafi mnaoutafuta ni wa mwaka gani?

Viola Turpeinen alizaliwa Champion, Michigan, mwaka 1909, akaanza kurekodi mwaka 1928, na kodiani yake ilijaza kumbi za Wafini kwa miaka. Hiski Salomaa, fundi cherehani, alirekodi na kampuni ya santuri ya Columbia kati ya 1927 na 1931 kwa Kifini kilichochanganyika na Kiingereza, kwa sababu wahamiaji wenzake ndivyo walivyoongea. Ukimsafisha huyo unabaki na nini? Kwenye tepu za kumbini unasikia viatu vikigonga mbao, vikombe vya kahawa, mtu akipiga kelele jenkka, dansi ya Kifini, irudiwe. Hizo ndizo mnazotupa!

Wapenzi wa kantele wasinichukie. Wilho Saari wa Naselle, Washington, kilembwe wa mpiga kantele maarufu Kreeta Haapasalo, alipewa tuzo ya taifa ya sanaa za jadi mwaka 2006. Lakini hata yeye aliishika kantele ukubwani, miaka ya 1980.

Dhana: Nikishapata MP3, santuri ya nini tena?

Ukweli: MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo. Nakala ya kuhifadhi ni WAV, biti 24, kHz 96. Na santuri inabaki.

Dhana: Santuri chafu husafishwa kwa spiriti.

Ukweli: Santuri nyingi za 78 (mizunguko 78 kwa dakika) ni za sheleki, utomvu utokanao na wadudu, na spiriti huyeyusha sheleki. Nimepokea moja iliyong'arishwa hivyo, sitaki nyingine. Na msizipige kwa sindano ya LP, zile santuri za plastiki za baadaye. Ni nyembamba mno, inazama chini ya mfereji na kuokota uchafu. Tumieni ya mikroni 75 hivi.

Dhana: Majina tutayaandika baadaye.

Ukweli: Baadaye mzee hayupo. Kaa naye leo, msikilize pamoja, kisha andika kwenye kasha kwa penseli: nani anapiga, ukumbi gani, mwaka gani. Hata "mjomba, Hancock, baada ya vita" inanitosha kuanzia.