Nyumba ya Kijoji si nyumba ya Wajojia

Shangazi alisimama kwenye ngazi za nyumba nambari 7, Great George Street, mjini Bristol, akakitazama kibao, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hawa Wajojia walifika lini huku?" Swali lake lilikuwa la haki. Aliyemwandalia matembezi alikuwa amemtumia ujumbe kwamba atapelekwa kuona "makumbusho ya nyumba ya Kijojia", na shangazi anaijua Georgia, ile nchi ya milima iliyopakana na Urusi na Uturuki. Kosa hilo nimelikuta kwenye tafsiri za filamu, kwenye maelezo ya picha, na vinywani mwa watu waliosoma vizuri. Safari hii nimeona niliandikie.

Maana yenyewe ni fupi. Nyumba ikiitwa Georgian kwa Kiingereza, ni nyumba ya enzi za wafalme wanne wa Uingereza waliofuatana, wote wakiitwa George, kuanzia 1714 hadi 1830. Hakuna zaidi. Ni jina la wakati, kama tunavyosema "enzi za Mjerumani" tukizungumzia boma la Bagamoyo.

Kinachoniuma ni kwamba Kiingereza kimefunga vitu vitatu kwenye neno moja, na Kiswahili kinao uwezo wa kuvifungua, lakini tunauacha. Kwa Mwingereza, Georgian ni mtu wa nchi ya Georgia, ni mtu wa jimbo la Georgia kule Marekani, na ni kitu cha enzi za akina George. Yeye hana budi kusikiliza sentensi nzima ndipo ajue kinachosemwa. Sisi tuna Joji, jina la mtu, na tuna Jojia, jina la nchi. Cha Joji ni cha Kijoji. Cha Jojia ni cha Kijojia. Irabu moja mwishoni inamaliza ugomvi wote. Mtafsiri akiiongeza mahali isipostahili, amewahamisha wafalme wanne kutoka London mpaka Tbilisi, mji mkuu wa nchi ya Georgia.

Na majina hayo mawili, yanavyofanana hivyo, hayakuzaliwa nyumba moja. George ni jina la Kigiriki, kutoka georgos, yaani mkulima: ge ni ardhi, ergon ni kazi. Mtu wa jembe. Wale wa Georgia, kwao wenyewe nchi yao ni Sakartvelo. Jina tunalolijua sisi ni la wageni, na wasomi wengi hulifuata mpaka kwenye Kiajemi, kwenye neno gurj walilowaitia watu hao. Waturuki mpaka leo husema Gürcistan. Wasafiri wa Ulaya wa zama za kati walipolisikia wakadhani linamhusu Mtakatifu George, kwa kuwa Wakristo wa huko wanamheshimu sana, na dhana hiyo ikakaa.

Jimbo la Marekani ni habari nyingine. Hilo kweli ni la Joji: koloni hilo lilipewa hati yake mwaka 1732, likaitwa kwa heshima ya George wa Pili. Kwa hiyo mji wa Savannah, ulio katika jimbo hilo, una udugu wa jina na nyumba ya Bristol, na Tbilisi hauna. Nilipomweleza shangazi hayo alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe wa mbali ndiye ndugu."

Liko kosa la pili, na hili ni letu hasa watu wa Afrika Mashariki. Wazee wetu walimjua Kingi Joji. Askari wa Keya, yaani jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR), walipigana kwa jina lake, na sura yake ilikuwa kwenye shilingi. Shangazi anayo moja mpaka leo, imefungwa kwenye kitambaa: upande mmoja kichwa cha mfalme na maandishi ya Kilatini, GEORGIVS, upande wa pili simba amesimama, nyuma yake milima. Akauliza kama nyumba hii ni ya Joji wa kwenye shilingi. Hapana. Wa kwenye shilingi ni George wa Tano, aliyetawala 1910 hadi 1936, na baadaye George wa Sita. Hao ni wa karne ya 20, na nyumba za siku zao haziitwi za Kijoji ingawa jina ni lile lile. Kati ya George wa Nne na George wa Tano kuna miaka 80, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ni ya Malkia Victoria, 1837 hadi 1901. Ndiyo maana haifai pia kuita kila nyumba kuukuu ya Uingereza "ya Kiviktoria". Za Kijoji zina jina lao na tabia yao.

Tabia ya nyumba ya Kijoji utaiona barabarani kabla hujabisha hodi. Uso umepimwa: madirisha yamepangwa mstari juu ya mstari, na nyumba ikiwa pana ya kusimama peke yake, mlango huwa katikati, upande huu ukajibu upande ule. Ustadi huo waliuiga kwa Andrea Palladio, msanifu wa Italia wa karne ya 16, ambaye naye aliwaiga Warumi wa kale. Madirisha hayafunguki kama mbawa za mlango. Ni fremu mbili zinazopanda na kushuka, mara nyingi zenye vioo sita juu na sita chini. Vioo ni vidogo kwa sababu kioo kilipulizwa kwa pumzi na kuzungushwa kikawa sahani, kisha kikakatwa vipande. Kipande kikubwa kilikuwa ghali. Ukikitazama kwa pembeni, barabara ya nje inacheza kama imo majini.

Linganisha na nyumba za mawe za Lamu za karne hiyo hiyo ya 18. Ile ya Lamu humpa mpita njia ukuta mtupu, uzuri wake ukawa ndani, kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za ndani kabisa. Ya Kijoji humwonyesha mpita njia uso wake wote.

Hii ya Bristol ilijengwa karibu na 1790, na wala si mfalme aliyeijenga. Ilikuwa ya John Pinney, mfanyabiashara wa sukari, mwenye mashamba ya miwa katika kisiwa cha Nevis huko Karibi, yaliyolimwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Mmoja wao, Pero, aliletwa Bristol akaishi humu kama mtumishi wa Pinney. Leo daraja la waenda kwa miguu bandarini linaitwa kwa jina lake. Vyumba 11 viko wazi kwa wageni, na chini kabisa kuna kidimbwi cha mawe ambamo bwana alizama kwenye maji baridi. Shangazi alisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine pote, akauliza maji yalibebwa na nani.

Hapo ndipo neno "makumbusho" linapostahili, maana katika nyumba ya namna hii nyumba yenyewe ndiyo inayoonyeshwa: ngazi, jiko, kidimbwi. Jina la mfalme linakupa tarehe tu. Halikwambii nani alilala juu, nani chini.

Basi ukitafsiri, andika "nyumba ya enzi za akina Joji", au "ya Kijoji" ikiwa msomaji ameshaelezwa. Mjojia mwachie kwao Kaukazi. Na aliyemtumia shangazi ule ujumbe, nimemwandikia kwa wema. Amejibu kwamba atakaporudia kuutuma ataiondoa ile a.