"Kuzaa si kazi, kazi kulea": methali hii msiniletee tena

Nimeambiwa tena Jumamosi, kwenye arusi hapa Sydney, na Mkenya mwenzangu: "Lakini hao watoto wa Kiaborijini walipendwa, wakasomeshwa. Mtu mzima wa miaka sitini anamtafuta mama wa nini? Kuzaa si kazi, kazi kulea."

Kazi yangu ni kukaa na watu hao, wenyeji wa asili wa Australia waliotengwa na wazazi wao utotoni, wanapofungua mafaili ya serikali juu yao, na methali hiyo inaniumiza. Inamfaa mtoto aliyetolewa na wazazi wake kwa hiari. Hawa walichukuliwa na serikali. Tangu 1915 Bodi iliyosimamia Waaborijini wa jimbo la New South Wales iliruhusiwa kumwondoa mtoto kwao bila kupita mahakamani, na sera ilikuwa wazi: Waaborijini wamezwe na jamii ya Wazungu. Ripoti ya kitaifa ya 1997 ilikadiria kuwa kati ya 1910 na 1970 alichukuliwa mtoto mmoja kati ya kumi, pengine mmoja kati ya watatu.

Eti walitelekezwa, ndivyo maafisa walivyodai! Sisi tunaosema mama mkubwa na mama mdogo tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Kwa mataifa mengi ya Waaborijini dada wa mama ni mama, basi. Mtoto aliyekutwa kwa mama yake mdogo alikuwa nyumbani, ila afisa aliandika kwamba hana malezi.

Sasa upendo. Ulikuwepo, siukatai. Lakini wazazi wengi walioasili waliambiwa mtoto ni yatima, au mama yake hamtaki. Kisha cheti kipya cha kuzaliwa kikatolewa kana kwamba wao ndio waliomzaa, kile cha kwanza kikafungiwa. Hapa jimboni aliyeasiliwa alipata haki ya kukiona kwa sheria ya 1990. Hata waliolelewa bila kuasiliwa walifichwa ukweli. Bruce Trevorrow, mtoto mchanga wa Kiaborijini, alipelekwa hospitali ya Adelaide, mji wa jimbo jingine, siku ya Krismasi ya 1957, akapewa familia nyingine. Mama yake aliandika kuuliza lini atarudishiwa. Akajibiwa madaktari bado wanamhitaji. Mahakama ilimpa Bruce haki yake 2007.

Kwa hiyo anayetafuta kwao hakosi shukrani. Anatafuta alichofichwa, na mara nyingi waliomlea walifichwa pia.

Kozi za kazi yetu hii hufundisha kwamba kukutana ni kupona. Mimi nimeona wakionana mara mbili, kisha kimya, na nimesimama na wengine makaburini. Mwaka juzi kwenye faili moja tulikuta barua tatu za mama mzazi, mwandiko wa penseli, akiomba picha tu. Mama mlezi, miaka themanini na saba, alizisoma mezani huku chai ikipoa. Akasema waliapiwa hana mama. Kisha akamgeukia mwanawe: "Utaendelea kuniita Mama?" Akamshika mkono, akamwambia ndiyo. Yule mama hakulala usiku ule, na mimi bado najiuliza kama nilitenda haki kumpa barua zile.